Maswali ya Wasomaji: Upinde Uliopinda, Ugwe wa Nyavu na Mishale ya Babu

Nina upinde wa mkole, umri wake kama mwaka mmoja. Huwa nautundika ukutani na ugwe wake, tayari kwa mazoezi. Siku hizi hata nikiufungua ugwe unabaki umepinda, na mshale hauendi mbali. Niukandamize kwa mawe unyooke?
*Msomaji, Igombe*

Mawe hapana, utauvunja. Kilichouharibu ni huo ugwe usiofunguliwa. Upande wa tumbo, yaani ule unaokutazama unapovuta, nyuzi za mti hubanwa muda wote mpaka zinazoea kukaa fupi. Mti wenye unyevu unazoea upesi zaidi, na nyumba ya kando ya ziwa wakati wa masika haikauki vizuri.

Fungua ugwe, egemeza mgongo wa upinde ukutani pale pa kushikia, kisha pima ncha zimeachana na ukuta kwa kiasi gani. Sm 3 hadi 5 ni kawaida kwa upinde wa mti mtupu, usihangaike. Zikizidi hapo sana, ulaze juu ya vigingi viwili, bila ugwe, kwenye chumba chenye kivuli na hewa kwa wiki mbili, halafu upime tena. Ukikauka utapata nguvu kidogo, lakini nyuzi zilizokwisha kubanwa hazirudi. Usiukaushe juu ya jiko wala chini ya bati lisilo na dari: mti uliokauka kupita kiasi hukatika ghafla ukiwa umevutwa.

Baada ya hapo uzuie unyevu. Yeyusha nta ya nyuki fungu 1 na shahamu ya ng'ombe mafungu 3, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe. Paka safu nyembamba, sugua kwa kitambaa hadi mkono usinate, rudia kesho yake. Zidisha kwenye ncha mbili, kwani maji huingilia pale mti ulipokatwa. Mafuta ya kupikia tusingeyashauri, yananata na kunuka.

Kila kabla ya kufunga ugwe, pitisha kucha kwenye tumbo la upinde. Ukikuta vikunjo vidogo vinavyokatiza upana wake, hapo mti umeshasagika. Punguza mvuto, yaani uzito unaotakiwa kuuvuta, au uustaafishe. Ufa unaofuata urefu wa nyuzi unaweza kuvumilika ukifungwa uzi na gundi. Ufa unaokatiza mgongo hauna dawa. Na usiuvute ukaachia bila mshale: nguvu yote inarudi kwenye upinde wenyewe.

Ugwe wa kano umekatika. Hapa Mwaloni Kirumba nyuzi za nyavu zimejaa. Zinafaa?
*Msomaji, Kirumba*

Inategemea uzi. Nailoni huvutika, nayo ni sifa nzuri kwa wavu unaopambana na sangara, ila kwa upinde ni hasara: ugwe unalegea, unakuchapa mkononi, na mshale unatoka mvivu. Tafuta uzi wa poliesta. Kama muuzaji hana hakika, sokota ugwe wa mita 1, tundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji usiku kucha, asubuhi upime ukiwa bado na mzigo. Ukiwa umerefuka sm kadhaa, achana nao.

Ugwe ubebe angalau mara 4 ya mvuto wa upinde. Upinde wa kg 18 unataka ugwe wa kg 72 au zaidi. Ukishaufunga, kati yake na pa kushikia paenee ngumi yenye dole gumba lililosimama, karibu sm 15. Upake nta ya nyuki, uisugue kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani. Ukirudia kano, usipige mishale mvuani, ikilowa inarefuka.

Nimerithi mishale ya babu. Chini ya chembe, yaani kichwa cha mshale, kuna utomvu mweusi uliokauka. Nausafishaje?
*Msomaji, Magu*

Usiusafishe. Usikwangue, usipige msasa, usichome. Huenda ni sumu ya mshale, na sumu hiyo ikikaa pakavu hudumu miaka mingi. Huingilia kidonda, hata mkwaruzo, na hushambulia moyo. Vaa glavu, viringisha kila chembe kwa kitambaa kisha nailoni, andika SUMU, fungia kwenye sanduku mbali na watoto. Ukitaka itunzwe kama kumbukumbu, uliza kwanza makumbusho ya Bujora, Kisesa, kabla ya kuisafirisha. Mtu akichomwa, usinyonye jeraha. Mpeleke hospitali papo hapo, awe ametulia, na useme wazi kwamba ni mshale wa sumu.

Manyoya ya mishale yamelala upande mmoja.
*Msomaji, Sengerema*

Yapitishe kwenye mvuke wa birika sekunde 10 hadi 15, ukizungusha mshale, yatasimama yenyewe. Yaliyovunjika ubavu yabadilishe, yote yatoke bawa la upande mmoja, la kushoto au la kulia, usichanganye.