Baba anaona watoto sebuleni

SWALI: Baba ana miaka 74, na huu ni mwaka wa tisa tangu agundulike ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Anameza levodopa mara nne kwa siku na Artane asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana akili imekuwa nzito, na anaona watoto wamekaa kwenye kochi. Wiki hii amezidi: usiku halali, hajui yuko wapi. Jirani anasema dawa ndizo zinamvuruga, tuziache zote. Tufanyeje? — Binti yake, Morogoro

JIBU: Msiziache. Levodopa ikikatwa ghafla, mwili unaweza kukakamaa na homa kupanda hadi kuhatarisha maisha. Ila jirani hajakosea kote, tutalifikia hilo.

Akili kupungua taratibu, miaka kadhaa baada ya mtetemo kuanza, ndiyo dimenshia ya Parkinson. Mara nyingi haianzi na kusahau majina. Mzee atamimina chai pembeni ya kikombe, au atafunga shati vifungo vikapishana. Asubuhi yuko sawa, alasiri hayuko sawa; si kwamba anajifanya.

Kuzidi ndani ya wiki moja ni jambo jingine, nalo lina chanzo. Mpelekeni hospitali leo, mkojo upimwe na kifua kisikilizwe. Mzee anaweza kuwa na maambukizi bila homa. Semeni alipata choo lini mara ya mwisho, anakunywa maji kiasi gani, na dawa gani ameongezewa, hata ya mafua.

Hapo ndipo jirani ana hoja: Artane. Inatuliza mtetemo, lakini inazuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea kwa kumbukumbu. Daktari huanza kwa kuipunguza hiyo, kwa hatua. Levodopa huguswa mwisho.

Akihangaika wodini, huenda akaandikiwa haloperidoli au Largactil, akitapika, Plasil. Zote tatu huzuia dopamini, kemikali ya mwendo ambayo Parkinson huipunguza ubongoni, na zinaweza kumlaza kitandani kabisa. Andikeni kwa wino mwekundu kwenye kadi yake ya kliniki kuwa asipewe.

Akitulia, ulizeni kuhusu rivastigmini, dawa ya dimenshia. Huanza miligramu 1.5 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, ikipandishwa kila baada ya wiki mbili au zaidi. Kichefuchefu ni cha kawaida, na mtetemo unaweza kuongezeka.

Wale watoto, kama hawamtishi, msibishane naye. Washeni taa kabla giza halijaingia, na muondoe nguo zilizotundikwa mlangoni; gizani hugeuka watu. Macho nayo yapimwe, maana asiyeona vizuri huona zaidi visivyokuwepo.