Maswali na majibu: Maandishi meupe ya tairi yamegeuka kahawia

Tangu niandike juu ya kuosha rimu, ujumbe mwingi unaonifikia ni wa wenye Hilux, Land Cruiser na Hiace zilizofungwa matairi ya maandishi meupe. Naanza na swali linaloulizwa kuliko yote.

Shikamoo fundi. Mwezi wa tatu nilifunga matairi manne mapya yenye maandishi meupe. Sasa herufi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Vijana wanaonioshea gari wanasema rangi imeisha, zipakwe upya. Ni kweli? (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Si kweli, na usikubali zipakwe. Zile herufi hazikupakwa rangi. Ubavu wa tairi la namna hiyo una tabaka la mpira mweupe, na juu yake ngozi nyembamba ya mpira mweusi. Tairi likishapikwa kiwandani, ngozi ile hukwanguliwa juu ya herufi, weupe ukajitokeza. Weupe wako bado upo pale pale, umefunikwa tu.

Kilichoufunika kinatoka sehemu mbili. Kwanza, ndani ya tairi lenyewe. Mpira mweusi huchanganywa na dawa ya kuukinga na ozoni, hewa ambayo huupasua mpira taratibu. Dawa hiyo husafiri polepole kutoka ndani hadi juu ya ubavu, na ikikutana na hewa inageuka kahawia. Hiyo ndiyo kazi yake, wala tairi halijaharibika. Pili, ile dawa ya kung'arishia unayopakiwa kila Jumamosi. Ile ya mafuta huilainisha kahawia ya kwenye weusi na kuisambaza mpaka kwenye herufi, kisha vumbi la barabarani linanasa juu yake. Wiki inayofuata unapakiwa tena juu ya uchafu wa wiki iliyopita. Miezi sita hivyo, lazima upate chai ya maziwa.

Kuzirudisha inawezekana. Egesha kivulini, matairi yapoe kabisa, maana kwenye tairi la moto sabuni hukauka kabla haijafanya kazi. Mwaga maji mengi tope liondoke. Chukua sabuni ya kuoshea vyombo, au dawa ya kutoa grisi iliyozimuliwa kwa maji kama chupa inavyoelekeza, na brashi ya kufulia yenye nywele ngumu za plastiki. Sugua ubavu mzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasugua herufi peke yake, wanaacha weusi unaozizunguka ukiwa na kahawia ile ile, na baada ya siku chache inarudi. Povu la kwanza litatoka kama maji ya ukwaju. Suuza, rudia, mpaka povu libaki jeupe. Kuna Prado moja niliyoisafisha mwaka jana, kila tairi lilinichukua raundi nne, na mwenyewe alishakata tamaa.

Baada ya hapo shika mswaki wa zamani, uingie kwenye matumbo ya B na R na kona za A, ambako brashi kubwa haifiki. Kukibaki doa sugu, tumia stili waya laini ya kusugulia sufuria, na sabuni, juu ya weupe tu. Hatua ya mwisho kabisa ni msasa laini, namba 400, ukiwa umelowa, kwa mkono mwepesi. Kumbuka unapunguza mpira, kwa hiyo hiyo isiwe kazi ya kila mwezi.

Nimenunua matairi mapya Kariakoo, herufi zake ni za bluu. Muuzaji anasema ni nyeupe. Nimeibiwa? (Dar es Salaam)

Hujaibiwa, dada yangu. Ile bluu ni utando unaopakwa kiwandani ili weupe usichafuliwe na mpira mweusi wakati matairi yamepangwa ghalani. Maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi vinautoa. Fanya hivyo siku ile ile unayofunga, kabla jua halijaukausha ukashika.

Mume wangu anasugulia jiki. Jirani anasema petroli ndiyo kiboko, halafu unamalizia na oili chafu tairi ling'ae. Nani yuko sahihi? (Tanga)

Hakuna hata mmoja, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naona matairi mazuri yakiuawa namna hii kila wiki. Mpira wa tairi hunywa petroli na oili. Ukinywa unavimba na kulainika, na petroli inaondoka na ile dawa ya kinga niliyoieleza hapo juu. Ule mng'ao wa oili chafu unaouona asubuhi ni tairi linalokunywa sumu.

Jiki inatoa madoa, sikatai, lakini hukausha mpira, na ikichuruzika kwenye rimu ya alumini inaila na kuacha mabaka. Kuna hatari kubwa zaidi: sehemu nyingi za kuoshea magari wanatumia asidi kusafishia rimu. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ambayo inachoma mapafu. Mwambie mume wako visikutane hata kwenye ndoo moja.

Nina matatu ya Hiace, ilitoka Japani na matairi ya maandishi meupe. Nataka yang'ae lakini herufi zibaki nyeupe. Nipake nini? (Nairobi)

Tafuta dawa iliyotengenezwa kwa maji. Mara nyingi utaitambua kwa macho: ni nyeupe kama maziwa. Ile inayopitisha mwanga, yenye utelezi na harufu ya petroli, iache dukani. Hiyo ndiyo inayoleta kahawia.

Osha kwanza, tairi likauke kabisa. Tia dawa kidogo kwenye sponji, pitisha kwenye weusi, na ukifika kwenye herufi zunguka. Ikigusa herufi, futa saa hiyo hiyo kwa kitambaa chenye unyevu. Usipulize moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa sababu itaingia kwenye diski ya breki. Subiri kama dakika kumi, futa iliyozidi, la sivyo ukianza safari itarukia bodi.

Gliserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu na maji, inafaa pia na ni rahisi. Kasoro yake ni kwamba mvua moja inaiondoa, na kiangazi inanasa vumbi.

Kwenye kashata, pale tairi linapokanyaga barabara, usipake chochote. Na wenye bodaboda, msipake kabisa: pikipiki hulala kwenye kona, na ubavu ule unaokaribia lami ukiwa na utelezi mtaanguka.

Fundi pancha amefunga maandishi yakaangalia ndani. Kuna ubaya? (Arusha)

Kama hakuna neno OUTSIDE wala mshale wa mwelekeo ubavuni, hakuna ubaya wowote. Matairi mengi ya namna hii yana upande mmoja mweupe na mwingine mweusi, mwenye gari anachagua. Mwambie ayageuze siku ya kubadilisha matairi nafasi, asikulipishe mara mbili.

Naweza kukwangua tairi la kawaida kwa grinda mpaka weupe utokee? (Mwanza)

Usithubutu! Tairi la kawaida halina weupe ndani. Ukikwangua utakutana na nyuzi zinazobeba gari, na ubavu ukishapungua unaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo na familia ndani. Kama unataka herufi nyeupe, kuna kalamu za rangi maalumu za tairi. Osha vizuri, paka, lakini ujue ubavu hukunjika kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo rangi itapasuka na utarudia.

Wauza matairi ya mitumba wanayang'arisha sana. Nitajuaje zuri? (Mombasa)

Nenda na chupa ya maji ya sabuni na kitambaa, na umwombe muuzaji uoshe ubavu mbele yake. Anayekataa, ondoka. Mng'ao ukishatoka, bonyeza ubavu kwa vidole gumba viwili na uangalie kwenye mizizi ya herufi, pale zinapoungana na weusi, kwa kuwa nyufa ndogo hujificha hapo. Kisha tafuta namba inayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba kamili wakati mwingine iko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Ukikuta nyufa, hata kama herufi ni nyeupe kama pamba, lirudishe kwenye rundo.