Mbuzi wanaozunguka: usitege sumu ya mbweha

Mkuu uliyeko Kongwa, umeuliza utege sumu gani kwa sababu mbuzi wako wawili wanazunguka na jirani kakwambia ni minyoo ya mbweha. Nakuomba sana usitege. Yamenikuta hayo hayo huku Chamwino.

Kwangu alianza mbarika mmoja. Anabaki nyuma ya kundi, kichwa kakilaza kushoto, ukimshtua anazungukia upande huo huo mpaka anaanguka. Nilimchoma sindano za antibaiotiki, wapi. Alipoacha kula nikamchinja, nikamwita bwana mifugo tupasue kichwa. Fuvu lilikuwa limelainika sehemu moja, ukibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Chini yake, juu ya ubongo, kifuko cha maji kama yai la kuku, ngozi nyembamba inayoonyesha ndani, na humo vitu vyeupe vimenata makundi makundi kama chenga za mchele. Kila chenga ni kichwa cha tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni. Mbwa akila kifuko kile, vichwa hivyo vinakuwa tegu wazima tumboni mwake. Nilikumbuka vichwa vyote nilivyowatupia mbwa wangu, moyo ukaniuma.

Mbweha naye anambeba tegu huyo, jirani hajakosea. Ila anayetafuna vichwa vya mbuzi wako kila wiki ni nani? Ni mbwa wako, na huyo ndiye anayefuata kundi malishoni, anajisaidia kwenye majani, mayai ya tegu yanabaki pale, mbuzi anayala. Kiluwiluwi kinachotoka kwenye yai hupita kwenye damu mpaka ubongoni, na dalili huja miezi kadhaa baadaye, ndiyo maana hatuoni uhusiano. Halafu hawa mbweha wenye masikio makubwa chakula chao kikuu ni mchwa. Sumu itawaua hao bure, pamoja na tumbusi na mbwa wa majirani.

Nilichofanya: kichwa cha mgonjwa nachoma moto mpaka kiungue au nazika chini sana. Mbwa wanapata dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito (mpime mbwa, usikadirie kwa macho). Narudia kila wiki 6, kwa sababu tegu huyo huchukua kama muda huo kukomaa na kutoa mayai. Dawa haiui mayai, kwa hiyo siku mbili nawafunga na kinyesi nazika. Maini na mapafu yenye vifuko vya maji pia wasipewe kabisa. Vifuko hivyo ni vya tegu wengine, wadogo wa milimita chache tu, lakini mayai yao yakiingia kwa mtoto aliyecheza na mbwa, kifuko humea kwenye ini lake.

Mbuzi wako hao wawili ukiwachinja, funga mbwa kwanza, ndipo upasue fuvu.