Majirani wamesifu siagi yangu ya karanga. Ninunue mashine?

SWALI: Natengeneza siagi ya karanga nyumbani. Nimewaonjesha majirani zaidi ya 20, wote wameisifu. Nataka kukopa shilingi milioni 3 kwenye kikundi chetu ninunue mashine ya kusagia. Mnanishauri nini?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu yetu, mkopo usubiri. Jirani aliyeonjeshwa bure hawezi kukuambia usoni kwamba siagi yako haina ladha. Jibu la kweli liko kwenye pesa yake, hasa akiitoa mara ya pili.

Anza na kilo 10 za karanga. Zilizosinyaa na zenye ukungu zitupe, maana ndizo zinazobeba zaidi sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na kukaanga hakuimalizi. Kaanga, pepeta maganda, kisha kasagishe kwa mwenye mashine. Utapata kilo 8 hivi, yaani chupa 20 za gramu 400. Chupa ziwe kavu kabisa. Maji kidogo tu huleta ukungu.

Bei ndiyo inayowaponza wengi. Wanauza rahisi "kwa kujaribia", wateja wanajaa, bei halisi ikija hawaonekani tena. Jumlisha karanga, mkaa, usagaji, chupa, lebo, nauli na ujira wako, ongeza faida, uuze hivyo tangu siku ya kwanza. Ndugu wakinunua pokea pesa, ila usiwahesabu kama wateja.

Kabla ya kuuza, andika daftarini: wangapi wakirudi wenyewe ndani ya mwezi utaendelea? Sisi tungetaka angalau 6 kati ya 20. Wasiorudi wafuate, lakini usiwaulize kama waliipenda. Uliza chupa imefikia wapi, siku hizi wanapaka nini kwenye mkate, na wamekinunua bei gani. Huenda ukakuta mafuta yalipanda juu wakadhani imeharibika. Hapo dawa ni kuandika "Koroga kwanza" kwenye lebo. Wakilalamikia chumvi, punguza chumvi peke yake katika kilo 10 zinazofuata. Ukibadilisha na ukaangaji papo hapo, hutajua kilichosaidia.

Madukani usiingie kabla ya kupata alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, itakuelekeza. Huko nako, mzigo wa mali kauli, yaani unaolipwa baada ya kuuzwa, mwenye duka hupokea hata chupa 50, kwa kuwa hapotezi kitu. Hesabu zilizouzwa tu.

Mashine inunue siku foleni ya kusagisha itakapokuchelewesha kutimiza oda zilizokwisha kulipiwa.