Kabla ya Kujaza Rafu za Famasi, Wajue Wateja Wako

Boksi la kwanza la dawa zilizoisha muda nililifunga nikiwa nimekaa sakafuni mwa famasi yangu Katoro, mkoani Geita. Ndani mlikuwa na amlodipini, losatani na metifomini, dawa nzuri za presha na sukari ambazo karibu hakuna aliyekuja kuziulizia. Nilikuwa nimetoka Rombo, mkoani Kilimanjaro, nilikofanya kazi miaka minane kama fundi dawa sanifu, nikanunua mzigo kwa mazoea ya kule. Iliniuma sana. Dawa iliyoisha muda huiuzi wala huitupi jalalani. Unaiorodhesha, unatoa taarifa, inateketezwa kwa utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na hasara ni yako.

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo na kuniuliza mfungue wapi, nawaomba mwanze na sensa. Mwaka 2012 Geita ilikuwa na watu 1,739,530. Mwaka 2022 walifika 2,977,608. Kilimanjaro, kwa miaka hiyo hiyo, ilitoka 1,640,087 ikafika 1,861,934. Nyuma ya namba hizo kuna maisha mawili tofauti. Geita watu wanakuja kufuata dhahabu, mashamba na biashara, na wanazaa. Kilimanjaro mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, vijana wamekwenda Dar es Salaam na Arusha, wazee wamebaki na migomba.

Kwa hiyo Rombo nilihudumia wazee wa presha na sukari, watu wanaorudi kila mwezi kwa dawa ile ile, hata majina yao nikayashika. Katoro aliyeingia alikuwa mama wa miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni ana homa au anaharisha. Alihitaji dawa mseto ya malaria baada ya kipimo, ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki, paracetamol ya maji. Dada zake walitaka kipimo cha mimba, vidonge vya kupanga uzazi, foliki asidi. Malaria, ambayo Kilimanjaro imebaki kidogo sana, Kanda ya Ziwa bado ni ugonjwa wa kawaida.

Fedha nayo ina tabia yake, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mzee wa Rombo hutegemea mtoto aliye mjini: mwisho wa mwezi simu inalia, pesa imeingia, anakuja kununua. Au ana kadi ya bima kama mtegemezi wa mwanawe aliye mtumishi wa umma. Kadi inakuletea mteja wa uhakika, lakini fedha yake huipati siku hiyo. Unapeleka madai, yanahakikiwa, unasubiri, na wakati huo muuzaji wa jumla anataka chake. Usisajili famasi kwenye bima bila akiba ya kununua mzigo wa miezi kadhaa. Mchimbaji wa Geita hulipa taslimu, tena habishani bei, ila rashi, yaani dhahabu mpya inayokimbiliwa na wachimbaji, ikitokea kwingine kambi nzima inahama. Nimeona kitongoji kikibaki mahame ndani ya wiki chache, na mwenye duka la dawa pale bado anadaiwa kodi ya mwaka.

Siku hizi, kabla ya kumshauri mtu, namtaka afike eneo lenyewe akae siku tatu. Achukue idadi ya watu wa kata kwenye ripoti ya sensa, kisha aende zahanati ya serikali asubuhi ya siku ya kliniki ya watoto atazame foleni. Amuulize mwenyekiti wa kitongoji: wanaojenga ni akina nani, wamepanga au wamenunua viwanja? Mtu aliyejenga nyumba ya tofali na kupeleka watoto shule haondoki kesho. Mimi swali hilo la viwanja ndilo naliamini kuliko mengine yote.

Wa uchagani nao wasidanganyike na Desemba. Watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu, duka linajaa, unajiona umepatia. Januari unabaki na wazee wako.

Sasa famasi yangu ina rafu moja tu ya presha na sukari, na naagiza kidogo kidogo. Mwaka jana nimeanza kuiongeza. Wale waliofika Katoro vijana wakiwa na baiskeli, sasa wana nyumba na wajukuu, na wengine wanaingia dukani wakilalamika kichwa cha kisogoni. Nawapima presha bure kabla hawajanunua chochote, na wenye namba za kutisha nawapeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo.