Godoro lililokatiwa risiti

Masika mwanangu,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku, nikausoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Umesema kampuni ya Nairobi imekupa kazi ya kuandika programu, mshahara unapendeza, ila wanataka uwe umeshahamia huko ndani ya siku 30 tangu utie sahihi, na pesa ya kuhama wanayotoa unaiona ndogo. Unauliza: "Mama, nikiomba waongeze, si wataiondoa ofa?" Nilianza kukujibu kwa simu, kidole kikachoka. Naandika kwa kalamu, mdogo wako atapiga picha akutumie.

Swali lako ni la kiasi. Habari za kiasi muulize rafiki yako anayelipa kodi ya nyumba huko. Mimi nitakuambia habari za godoro.

Najua unazijua. Mnacheka kila Krismasi nikizianza. Lakini mnazijua kwa upande wake wa kuchekesha tu.

Mwaka 1989 baba yako alikuwa fundi wa malori hapa Tororo, na mimi nina cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Mhindi, wateja wananijua, daftari la madeni limejaa. Jumatatu moja akarudi na habari kwamba anahamishiwa Kasese, akasimamie gereji ya kampuni. Mkubwa wake amemwambia nyumba iko, vyumba viwili, stima iko, na pesa ya mizigo atarudishiwa akifika. "Wewe mchukue mama uende." Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Hakuna aliyeniuliza. Sisemi hivi kwa uchungu. Haya, nasema kwa uchungu kidogo.

Nikamuuliza baba yako, "Amekuandikia?" Akanitazama kama mtu aliyemtukania mkwe. "Mkubwa akisema, amesema." Nikamwambia mdomo haubebi godoro. Nilisema siku ile na sijaacha kusema mpaka leo.

Kampala tulipanda treni ya Kasese jioni. Pale stesheni karani akaliangalia godoro letu, limeviringishwa na kufungwa kamba ya mkonge, akasema huo si mzigo wa mkononi. Likapimwa, likalipiwa, likakatiwa risiti yake kama abiria. Baba yako akacheka, risiti tutaipeleka ofisini, tutalipwa. Risiti hiyo ninayo, imo kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyenu vya ubatizo. Tarakimu zimefifia, muhuri bado unaonekana.

Kasese tukafika kesho yake. Nyumba iko, kweli. Vyumba viwili, kweli. Na ndani yake anakaa fundi mwingine na mkewe na watoto wanne. Yeye naye ameambiwa na mkubwa yule yule, kwa mdomo ule ule, kwamba anahamia Tororo, nyumba iko, lori la kubeba vyombo vyake linakuja. Lori hilo alikuwa amelingoja mwezi mzima, sasa ameingia wa pili. Na nyumba aliyoahidiwa Tororo, Masika, ni ile tuliyotoka sisi.

Tukatundika kitenge katikati ya sebule, huku wao, huku sisi. Mama mwenye nyumba hakununa hata siku moja. Mimi nilinuna kwa niaba yetu sote.

Usiku uliozaliwa, mvua ilishuka kutoka Rwenzori kama inadai deni. Malori matatu ya kampuni yamesimama uani, mafuta yamo, na hakuna hata moja lililowashwa, kwa sababu mlinzi amekatazwa kutoa ufunguo bila barua ya ofisi. Hapo sasa barua ilihitajika! Yule mama akavuta pazia, akawafukuza wanaume wote wawili wakasimame nje chini ya mabati, akakupokea yeye kwa mikono yake. Asubuhi baba yako akaanza kutaja majina ya kwao, la bibi yake, la shangazi yake. Yule mama akamkatiza kwa Kiswahili chake cha gereji: mtoto wa kwanza, wa kike, ni Masika, hesabu hiyo watu wake, Wakonzo, walishaifunga zamani. Baba yako aliyeshindwa kumwomba mkubwa wake karatasi moja, angemuweza mama huyo? Mpaka leo mtu wa hapa Tororo akiniuliza imekuwaje mtoto wa Msamia akaitwa Masika, nacheka kabla sijajibu.

Kwa hiyo si pazia linaloniuma. Wala si godoro, ingawa pesa yangu naitaka. Kinachoniuma ni mwaka uliofuata, alipoletwa Kasese dereva mmoja kijana, hajaoa hata. Yeye alimwambia mkubwa, "Naomba niandikie." Mkubwa akavuta taipu iliyokuwa pale pale mezani pake, akapiga mistari sita, akatia muhuri. Hakukasirika. Hakumwita mjuaji. Kijana akaja na karatasi yake mfukoni, chumba akakikuta kitupu, kimefagiliwa. Taipu ilikuwa mezani siku zote, Masika. Hakuna aliyeomba.

Tuliporudi Tororo nikaenda kujifunza taipu. Baba yako alidhani natafuta kazi ya ofisi. Mimi nilikuwa naitaka ile mashine tu. Kazi kwa wakili ilikuja baadaye, na ndiyo iliyowasomesha, lakini haikuwa shabaha yangu.

Sasa turudi kwako. Kwa wakili nilipiga kurasa nyingi kutoka Sheria ya Ajira ya 2006, na kuna kifungu kimoja nilikipiga kwa furaha. Mtu aliyechukuliwa kazini zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, muda wa mkataba wake ukiisha, au kazi ikikatika kwa sababu ameugua au ameumia, mwajiri ndiye anayemrudisha kwa gharama yake. Aliyetumikia miaka 10 anarudishwa bila kujali alichukuliwa wapi. Nikawaza, kumbe walioandika sheria walijua. Sisi sote tunauliza nauli ya kwenda, wao waliuliza ya kurudi. Lakini hiyo ni ya Uganda, na wewe unavuka mpaka wa Busia. Uliza mkataba wako unasimama chini ya sheria ya nchi gani, na ya kurudi iandikwe humo humo.

Kwa sababu tazama. Kwetu, mtu aliye kwenye majaribio anaachishwa kwa notisi ya siku 14. Kenya, kwa sheria yao ya 2007, ni siku 7. Na majaribio yanaweza kufika miezi 6, hata kuongezwa ukikubali. Weka hilo kando ya ule mstari ulionitumia, kwamba ukiondoka kabla ya miezi 12 utarudisha pesa yote ya kuhama. Ukiondoka mwenyewe, sawa, nimeelewa. Wakikuondoa wao je? Mstari hausemi. Umeng'oa nyumba, umemng'oa mtoto shuleni, mwezi wako wa nne kazini wanakuambia asante, unapewa wiki moja, na juu yake unadaiwa! Hapo ndipo ningesimama kabla sijasema habari ya kuongezwa hata senti. Waandike kwamba deni ni lako ukiacha kazi kwa hiari yako tu, na kwamba linapungua kila mwezi unaokaa, sehemu moja katika kumi na mbili. Si jambo geni hilo, nimepiga mikataba ya namna hiyo.

Na tarehe. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu, na muhula wa mwisho haujafika katikati. Shule za Kenya zinaanza mwaka Januari, za kwetu mwaka unakwisha Desemba. Siku 30 zao zinamtoa mtoto huku kabla ya mtihani na kumfikisha kule watu wanafunga. Omba uripoti Januari. Kama wana haraka na hiyo kazi, si ni ya kompyuta? Anza nayo hapo hapo Kampala, uende huko siku chache kila mwezi, halafu uhame mtoto akishafunga. Kwa maoni yangu tarehe ina thamani kuliko pesa, na kwao ni rahisi zaidi kuitoa.

Hilo la meneja wako kusema kwamba baada ya miezi 6 utaruhusiwa kufanyia kazi nyumbani wiki mbili kila mwezi, umeniandikia kwa furaha sana. Amesema kwenye kikao cha video. Masika. Mdomo haubebi godoro. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, hata mkubwa wa baba yako hakuwa mtu mbaya, alimletea mbuzi ulipobatizwa. Lakini mameneja nao huhamishwa.

Mengine ni madogo. Tangu 2014 unavuka kwenda Kenya kwa kitambulisho tu, lakini kuvuka si kufanya kazi. Kibali nani anakishughulikia na nani anakilipia? Pesa ya kuhama ni hiyo kabla ya kodi au baada? Haya yaweke katika barua pepe moja, fupi, na uanze kwa kusema kazi unaitaka.

Je, wanaweza kuiondoa ofa? Wanaweza, sitakudanganya. Watu wengine wakiulizwa swali huona wametukanwa. Ila wamekupitisha kwenye usaili mara nne, nao wametumia muda wao, sidhani watatupa yote hayo kwa sababu umeuliza Januari.

Halafu usiku nikilala najibishana mwenyewe. Baba yako angedai karatasi, mkubwa angemwambia basi ngoja lori. Tungengoja. Ungezaliwa hapa Tororo, kavu, ukaitwa jina la yule shangazi yake, unalijua, namshukuru Mungu. Asingekuwa fundi mkuu. Nisingekaa nyuma ya pazia la mwanamke ambaye mpaka leo ndiye ninayempigia simu nikifiwa. Kwa hiyo mdomo ulibeba kitu. Nalikubali hilo, na linaniudhi.

Kuna mtu mmoja hujamtaja hata mara moja katika ujumbe wote. Mume wako anafundisha Mukono. Umemuuliza, au umemwambia? Yeye hatasema, ni mpole kama mimi nilivyokuwa wakati ule, na upole wa namna hiyo hutunza risiti.

Uende au ubaki, sisemi. Nimeuma ulimi tangu juzi. Ingekuwa mimi, na mtoto yule, na mume yule, na mshahara ule... hapana, sisemi. Nitumie ule ukurasa wa kurudisha pesa, mzima, si mstari mmoja, nikuoneshe pa kuongeza maneno. Nipigie saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari.

Baba yako yuko barazani, amenisikia nikijisomea barua hii kwa sauti. Anasema nikuandikie "nenda". Nimempa kalamu aandike mwenyewe. Ameikataa, anasema yeye akisema, amesema.

Mama yako,
Tororo