Siku 10 Vietnam: usiikimbize nchi nzima

Dada yangu, umeuliza kama siku 10 zinatosha kuiona Vietnam yote, na Mwislamu utakula nini huko. Yote hapana. Reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh City peke yake ni kilomita 1,726. Chagua Hanoi, Huế na Hội An.

Huế panda treni ya mchana kwenda Da Nang, mji ulio karibu na Hội An, keti dirishani upande wa kushoto. Treni inauzunguka mlima wa Hải Vân polepole, msitu ukiwa juu yako, na chini kabisa mawimbi yanapiga mawe. Kwangu hiyo ndiyo safari yenyewe. Ila epuka Oktoba na Novemba. Hội An maji huingia mpaka madukani.

Chakula kisikutie hofu. Kibao chenye neno "chay" maana yake hapo hawapiki nyama, na tarehe 1 na 15 za kalenda yao ya mwezi Wabudha wengi hula hivyo. Supu ya phở ya ng'ombe inanukia mdalasini na tangawizi iliyochomwa, lakini uitafute kwenye mgahawa wa halali. Hanoi, anza kwa kuwauliza waumini wa msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược.